Shule ya kijiji si zawadi ya chama

*Haya ni mazungumzo yaliyotolewa Arusha mjini mbele ya vijana waliotoka wilaya za Mbulu na Hanang. Tunayachapa kwa faida ya wasomaji wetu vijana popote walipo.*



Nimeombwa nizungumze habari za historia, na najua neno hilo linawafanya baadhi yenu muanze kutazama saa. Kwa wengi wenu historia ni Vasco da Gama na Karl Peters, ni tarehe za kukariri ili upate alama. Leo Wareno tuwaache wapumzike. Nataka kuzungumza juu ya shule uliyosoma wewe. Ile ambayo kengele yake ni rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mti. Ile uliyoikimbilia alfajiri, baridi ya Mbulu ikikutafuna masikio, mkono mmoja umeshika daftari, mkono mwingine kuni za mwalimu.

Wengi mmeiacha huko. Leo mko Ngarenaro, Unga Limited, Manzese na Tandika. Mnaendesha bodaboda, mnauza mitumba, mnapiga debe stendi, na wachache wenye bahati mmeajiriwa. Shule ile mnaiona ni kitu kilichokwisha. Lakini kila uchaguzi ukikaribia, anafika mheshimiwa na gari lenye vioo vyeusi, anasimama kwenye uwanja wa shule ile ile, anawaambia wazazi wenu: "Sisi ndio tuliowaletea shule." Na wazazi wenu, kwa adabu yao, wanampigia makofi.

Swali langu jioni hii ni moja tu. Ile shule ililetwa na nani? Mkinijibu hilo sawasawa, mengine yote mtayajibu wenyewe bila kusubiri mimi wala mwanasiasa mwingine yeyote.

Ng'ombe wa babu ndiye aliyelipa

Tuanzie mbali kidogo. Wamisionari wa Kikatoliki walifika Tlawi, karibu na Mbulu mjini, mwanzoni mwa karne ya 20. Baadaye wakaja Walutheri, na Wanorwe wakafungua hospitali ya Haydom mwaka 1955. Penye misheni palikuwa na darasa, hata kama ni la fito na udongo, watoto wamekaa kwenye magogo wakiimba a, e, i, o, u.

Mwingereza naye aliitawala nchi kupitia machifu, na utawala ule wa wenyeji ulikuwa na hazina yake. Hazina ndiyo iliyojenga shule chache za serikali. Basi mtu akikwambia shule ile ililetwa na Mwingereza, muulize hazina ilijazwa na nani. Ilijazwa na kodi ya kichwa. Na kodi ya kichwa, kwa Mwiraqw na Mbarabaig, ilikuwa ni ng'ombe aliyeswagwa mnadani. Mwingereza hakutoa ng'ombe. Babu yako ndiye aliyetoa.

Elimu yenyewe ilikuwa ya kubana. Darasa la kwanza hadi la nne, kisha mtihani, na walio wengi safari yao ikaishia hapo. Wachache waliendelea hadi la nane, wakatoka makarani, walimu na matarishi wa boma.

Wazee husimulia kwamba tarishi wa chifu alipokuja kudai watoto wa shule, mzazi mfugaji alimtoa yule ambaye hakufaa kuchunga, na mchungaji hodari akafichwa porini. Sisi tuliosoma tunawacheka wazee hao. Tusiwacheke. Walikuwa wameona kwamba mtoto anayekwenda shule harudi kwenye zizi, anakwenda kumtumikia mtu mwingine. Shule ilikuwa ikiwapunguzia mikono, na hakuna aliyewaeleza watapata nini badala yake. Ukiwa na duka, akaja mtu kukuchukulia msaidizi wako bila maelezo, utamshangilia?

Mwaka Mbulu iliposema hapana

Lakini kalamu ni kitu cha ajabu. Mkoloni aliitoa ili apate karani, ikazaa mpiga kura.

Uchaguzi wa tarehe 30 Agosti 1960, ule uliotupeleka kwenye Uhuru, haukuwa wa kila mtu. Ili upige kura ilibidi uwe na umri wa miaka 21, na zaidi ya hapo uwe unajua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, au uwe na kipato cha pauni 75 kwa mwaka, au uwe na wadhifa unaotambuliwa. Fikiri hapo. Mkulima wa Mbulu angezitoa wapi pauni 75? Kwa watu wengi wa vijijini, mlango uliobaki wazi ulikuwa ni ule wa kusoma na kuandika. Kwa hiyo darasa lile la udongo ndilo lililomfanya mtu kuwa raia mwenye sauti.

Sasa sikilizeni sauti ile ilisema nini. Viti vilikuwa 71. TANU ilishinda 70, na kati ya hivyo 58 ilipita bila kupingwa. Kiti kimoja tu katika Tanganyika nzima kilikwenda kwa mtu ambaye chama hakikumsimamisha. Kiti hicho kilikuwa ni Mbulu. Chama kilikuwa kimemweka Chifu Amri Dodo. Herman Elias Sarwatt, naye mwanachama wa TANU, akasimama kama mgombea binafsi. Watu wa Mbulu wakamchagua Sarwatt.

Msinielewe vibaya. Watu wale hawakuukataa Uhuru, na Sarwatt hakuwa mpinzani wa Uhuru. Walichokataa ni kuchaguliwa mtu na watu wa juu. Walisema: chama ni chetu, lakini mbunge tutamtafuta wenyewe. Hilo ni somo kubwa, na nina hakika wengi wenu hamkufundishwa darasani. Mtoto wa Mbulu anamaliza la saba akiwa anajua alikozaliwa Bismarck, lakini hajui wilaya yake ilifanya nini mwaka 1960.

Haki ile ya mgombea binafsi ikafutwa. Mwaka 1965 tukaingia chama kimoja, na hata vyama vingi viliporudi mwaka 1992, sheria ikamtaka kila mgombea adhaminiwe na chama. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila aliipigania haki hiyo mahakamani kwa miaka mingi, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako hapa hapa Arusha, iliamua kwamba Tanzania inavunja haki za raia kwa kumzuia mgombea binafsi. Kile ambacho mahakama ya bara zima ilikitafutia hoja mwaka 2013, babu zenu walikifanya miaka 53 kabla, kwa karatasi ya kura tu.

Na mbegu ile haikufa. Mwaka 1995 Karatu, ambayo zamani ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbulu, ilimchagua Dk. Wilbrod Slaa wa CHADEMA. Mwaka 2010 jimbo la Mbulu nalo likampeleka bungeni mbunge wa CHADEMA. Kwa hiyo mtu akikwambia upinzani ni ugonjwa ulioletwa na vijana wa mjini, mwambie kwetu ulianza kabla bendera ya Mwingereza haijashuka.

Tofali la nani?

Tuje kwenye Uhuru wenyewe. Hapa nataka tuwe wakweli, maana upinzani usio na ukweli ni kelele tu.

Mwaka 1961 shule zote za msingi za Tanganyika zilikuwa na watoto chini ya nusu milioni. Mwaka 1980 walikuwa zaidi ya milioni 3. Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967. Ada ya shule za msingi ikafutwa mwaka 1973. Novemba 1974 likaja Azimio la Musoma, kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule awe darasani. Ukiongeza na elimu ya watu wazima, bibi zetu wakajifunza kuandika majina yao chini ya mti. Hayo ni mambo makubwa. Atakayeyakana atakuwa mchoyo wa shukrani.

Lakini azimio halina mikono. Azimio lilipitishwa Musoma, na darasa likajengwa kijijini. Ni nani aliyelijenga?

Muulize mama yako. Udongo ulichimbwa bondeni ukakanyagwa kwa miguu mpaka ukalainika. Ukatiwa kwenye fremu za mbao, matofali yakaanikwa, yakapangwa tanuri, yakachomwa kwa kuni usiku kucha. Wanaume wakichimba msingi, wanawake wakibeba maji na mchanga vichwani. Watoto wenyewe, kila asubuhi, walikuja na tofali moja moja kutoka tanurini hadi kwenye ujenzi. Mabati, saruji na misumari mara nyingine vilitoka serikalini au kwa wafadhili. Mara nyingine vilichelewa, kuta zikanyeshewa na kuanguka, kazi ikaanza upya. Mwalimu alijengewa nyumba, akalimiwa na shamba. Mahindi ya shamba la shule yalilimwa na jembe dogo la mtoto wa darasa la tatu.

Na wakati huo huo watu walikuwa wanahamishwa. Operesheni ya vijiji ya miaka ya 1973 hadi 1976 iliwatoa watu kwenye maboma yao na kuwapanga kwa mistari. Walioambiwa wajenge shule ndio hao hao walioambiwa wabomoe nyumba zao. Walijenga vyote viwili, nyumba mpya na shule mpya, kwa mikono ile ile, bila mshahara na bila fidia.

Walimu hawakutosha. Vijana waliomaliza darasa la saba wakachukuliwa, wakafundishwa ualimu huku wakiendelea kufundisha. Watani wakasema kirefu cha UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Tulicheka sana. Lakini kijana yule alikuwa na miaka kumi na tisa, ana watoto themanini darasani, nusu yao hawajui neno la Kiswahili maana nyumbani ni Kiiraqw au Kidatoga tu. Kama leo unasoma gazeti hili bila kufuata mstari kwa kidole, inawezekana ni kazi ya mikono yake.

Kwa hiyo Nyerere alitoa wazo na walimu. Wanakijiji walitoa ardhi, tofali, maji, kuni, jasho na watoto. Katika biashara yoyote, mwenye kutoa vyote hivyo anaitwa nani? Anaitwa mwenye mali. Kwetu anaitwa mfadhiliwa.

Trekta lilipofika Basotu

Sasa niwaonyeshe kwa nini kusoma lilikuwa jambo la kufa na kupona.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, serikali ikishirikiana na Kanada iliamua kulima ngano katika tambarare za Basotu, wilayani Hanang. Shirika la NAFCO likapewa kazi. Mashamba yakafika saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gidagamowd, Warret na Gawal, kila moja kama ekari 10,000. Yalikuwa malisho bora ya Wabarabaig. Trekta lilipita kwenye njia za ng'ombe, likapita hata kwenye makaburi ya wazee, yale ambayo kwa Mbarabaig ni mahali patakatifu. Ng'ombe wakifukuzwa malishoni, familia huwafuata, na mtoto huifuata familia. Mwalimu anabaki anaita majina ya watoto ambao wameshavuka mbuga.

Watu wa Mulbadaw hawakushika mikuki. Walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu ikaona kwamba wanayo haki. NAFCO wakakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu ile. Sababu zake kila kijana wa kwetu azijue. Mahakama ilisema halmashauri ya kijiji haikuthibitisha kuwa iligawiwa ardhi ile na mamlaka ya wilaya. Ikasema pia kwamba wanakijiji mmoja mmoja hawakuthibitisha mahakamani kuwa wao ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi, sheria ambayo ilitungwa na Mwingereza mwaka 1923.

Mmesikia? Miaka 24 baada ya Uhuru, mtu aliyezaliwa Hanang, ambaye babu yake amezikwa Hanang, anashindwa kesi kwa sababu kwenye jalada hakuna ushahidi kwamba yeye ni mwenyeji.

Wazee walikuwa na ukweli, lakini karatasi zilikuwa upande wa pili. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo tumeuacha kwa wenye maduka, kumbe ulikuwa wa wenye nchi. NAFCO lenyewe halipo tena leo. Lilikufa na deni lake, na mashamba yakaingia kwenye ubinafsishaji. Lakini kizazi kizima kilikuwa kimeshatawanyika.

Mbuzi wa mchango

Miaka ya 1980 mnaijua kwa masimulizi. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha hazina, mafuta yamepanda, sabuni kwa foleni. Michango na ada vikarudi shuleni. Chaki ikawa inakatwa vipande vitatu. Watoto watano, kitabu kimoja, na aliyekaa pembeni alijifunza kusoma maandishi yakiwa kichwa chini.

Katika kila watoto 100 waliomaliza darasa la saba miaka ile, waliochaguliwa kwenda sekondari hawakufika 10. Waliobaki waliambiwa wamefeli. Wangefaulu vipi wote wakati nafasi hazikuwepo? Mlango ulikuwa mwembamba, mtoto akaambiwa yeye ndiye mnene. Akaona haya, akapanda basi akaja mjini. Na mjini napo, mwaka 1983, ikatungwa sheria ya Nguvu Kazi. Vijana wasio na kazi wakakamatwa mitaani wakarudishwa vijijini kwa malori. Kijijini hakuna shule ya kumpokea, mjini hakuna ruhusa ya kukaa. Kaka zenu wakubwa wamepitia hayo.

Kijijini, asiyelipa mchango wa darasa alifuatwa na mgambo. Kama hana pesa, wanachukua mbuzi. Kama hana mbuzi, wanachukua sufuria. Darasa likishaezekwa, anakuja mkubwa, anakata utepe, jina lake linachorwa ukutani. La mwenye mbuzi halichorwi popote.

Hesabu ya darasa la nne

Ada ikafutwa tena, na mpango wa MMEM ukaanza mwaka 2002. Waziri Mkuu wakati huo alikuwa Frederick Sumaye, mtoto wa Hanang. Wanafunzi wa shule za msingi nchini wakaongezeka kutoka kama milioni 4.8 mwaka 2001 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Ni hatua. Lakini sehemu ya pesa zile ilikuwa mkopo wa Benki ya Dunia, na mkopo haulipwi na chama. Unalipwa na wewe, kila unaponunua sabuni, soda au muda wa maongezi. Na hata hapo, vijiji vilitakiwa kuanza na mawe, mchanga na matofali yao.

Shirika la HakiElimu lilipochunguza shule na kueleza hadharani lililoyaona, mwaka 2005 Wizara ya Elimu ikalipiga marufuku kufanya na kuchapisha utafiti juu ya shule. Madarasa yalikuwa ya wananchi, lakini kuyatazama kukawa kosa.

Mwaka 2016 ada na michango vikafutwa kwa mara nyingine. Sasa toeni simu zenu tufanye hesabu. Kiwango kilichotangazwa kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 zinabaki juu kwa ajili ya vitabu, 6,000 zinakwenda shuleni. Chukua shule ya watoto 500. Mara 6,000, ni shilingi milioni 3. Gawa kwa miezi 12, unapata 250,000 kwa mwezi. Hapo utoe chaki, karatasi, mitihani, ukarabati, michezo na nauli ya mwalimu kwenda wilayani. Kwa kila mtoto ni shilingi 500 kwa mwezi. Wewe ukitoa vocha ya siku moja umeshamaliza fungu la mtoto.

Simsingizii mtu kwamba ameiba. Nasema kitu kingine. Je, pesa hiyo kidogo ilifika yote? Ilifika lini? Ilinunua nini? Tangu wakati wa MMEM, shule zilitakiwa kubandika mapato na matumizi kwenye ubao wa matangazo. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982, ile Namba 7, inasema mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu kijijini, na kila mkazi wa miaka 18 na zaidi ni mjumbe. Si mjumbe wa chama, mjumbe wa kijiji. Hahitaji kadi ya rangi yoyote.

Ubao upo? Mkutano unaitishwa? Mlipokwenda nyumbani Krismasi, nani kati yenu aliuliza? Naona mnacheka. Mlikwenda kunywa na kuonyesha simu mpya.

Mlima ulipoporomoka

Tarehe 3 Desemba 2023 mvua kubwa ilinyesha, upande wa Mlima Hanang ukaporomoka. Matope, mawe na magogo vikashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Watu zaidi ya 80 walikufa. Nyumba zilifagiliwa kama makapi. Na wale waliookoka, walihifadhiwa wapi? Walihifadhiwa shuleni. Walilala kwenye sakafu za madarasa, wakapikiwa uwanjani, wakatajwa majina yao kwenye daftari ili ijulikane nani yuko na nani hayupo.

Nimelitaja hilo kwa sababu linajibu swali nililoanza nalo. Siku nchi ya watu ilipoanguka, hawakukimbilia ofisi ya chama chochote, chao wala chetu. Walikwenda kwenye jengo ambalo wao na wazazi wao walilibebea tofali.

Basi nawaomba mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji risasi wala mawe.

La kwanza, nunua daftari. La shilingi mia kadhaa linatosha. Ukienda nyumbani, kaa na wazee waliobaki, uwaulize: Nani alitoa kiwanja cha shule? Darasa la kwanza lilijengwa mwaka gani? Nani alikuwa fundi, kina mama gani walibeba maji? Andika majina yote, na ya akina mama uyaandike kwanza maana ndiyo yanayosahauliwa kwanza. Wazee wanaondoka kila mwaka, na kila anayeondoka anazikwa na ukurasa.

La pili, uliza mipaka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaipa haki ya kimila uzito sawa na hati. Lakini mmeona yaliyowapata watu wa Mulbadaw kwa kukosa ushahidi. Kiwanja cha shule yenu kina ramani? Kuna muhtasari wa mkutano wa kijiji uliokitenga? Kama hakuna, siku moja atakuja mwekezaji, na mtaanza kutafuta shahidi aliyekwishakufa.

La tatu, hudhuria mkutano wa kijiji hata mara moja kwa mwaka, unyooshe mkono, uulize mapato na matumizi ya shule. Kwa heshima. Mwite mwenyekiti "mzee", mwite mwalimu mkuu "mwalimu". Mwalimu mkuu si adui yako, mara nyingi yeye ndiye anayenunua chaki kwa mshahara wake na anatamani mtu aulize ili naye aseme. Wakikwambia unaleta siasa, waambie unasoma ubao, kazi uliyofundishwa hapo hapo.

Na siku mheshimiwa wa vioo vyeusi akirudi na kusema "tumewaletea shule", msimzomee. Mzomeaji hufukuzwa, na kesho yake gazeti linaandika habari za fujo. Simama na daftari lako, umsomee. Mwaka fulani, kiwanja, kimetolewa na fulani. Tofali elfu kadhaa, zimechomwa na watu wa kitongoji fulani. Mbuzi kadhaa, wamechukuliwa kwa fulani na fulani. Ukimaliza muulize kwa upole: "Mheshimiwa, wewe tukuandike kwenye ukurasa upi?"

Kama ana cha kuandikwa, aandikwe, tena kwa wino mzuri. Hata sisi wa upinzani tukija tumeshinda tupimwe kwa daftari hilo hilo. Tukishindwa kuonyesha tulichoweka, tufuteni.

 Sasa nani ana swali? Anyooshe mkono, asiite kama yuko stendi.